Bei ya Nyonga

Fomu inafungwa saa sita usiku, leo Ijumaa,
na Verlyn anakoroma kama mtambo wa karatasi
anaoulisha magogo kutwa nzima.
Nje, Wausau inapokea theluji ya kwanza
kimyakimya, kama mtu anayepokea deni.

Bima ya afya tunayo. Hii ni ile ya juu yake,
ya ajali, ya kuziba ufa:
dola ishirini na tatu na senti arobaini kila mwezi.
Ukurasa wa nne wameorodhesha bei za mwili.
Dole gumba, mia tatu.
Mtulinga, mia sita.
Nyonga, elfu nne.
Nyonga ndiyo ghali, kumbe.
Jicho lina nyota, na nyota ina maandishi
ambayo jicho zima haliyasomi.
Miaka kumi na tisa nalala na mwanamume huyu,
sijawahi kumtazama hivi,
pande kwa pande,
kama ubao wa bei buchani.

Nageuza bahasha ya bili ya umeme, napiga hesabu.
Kwa mwaka: mia mbili themanini na senti themanini.
Kwa miaka kumi: elfu mbili mia nane na nane.
Februari iliyopita aliteleza na mfuko wa chumvi begani
(chumvi ya kuzuia kuteleza, cheka ukitaka),
kifundo cha mkono kikalia kama kijiti cha aiskrimu.
Bima ile kubwa ilisema: elfu tatu za kwanza ni zenu.
Hii ingetupa elfu moja na mia mbili,
ambulensi ikiwemo.
Basi ili tusile hasara
inabidi avunjike mara mbili na robo hivi
kila miaka kumi.
Nikaiandika hiyo robo, nikaikata.

Bi Tollefson wa ofisi ya ajira kasema
ni bei ya piza mbili tu.
Verlyn kasema, mdomo umejaa viazi:
"Ni kamari, Jolayne.
Kamari ambayo mshindi huletwa nyumbani na machela."
Tuweke wenyewe, kasema, kwenye kopo la kahawa.

Nimelifungua kopo.
Lina funguo ya baiskeli isiyokuwepo,
dola kumi na moja,
na risiti ya giaboksi.
Akiba yetu haiozi,
haikai hata siku ya kuoza.

Ajali haina kinga, haya.
Lakini ina bei, na bei ina saa,
na saa ya jikoni inasema bado dakika ishirini.
Juu, Anders anageuka kitandani,
miaka kumi na mitatu, mlinda lango wa hoki,
meno yote bado ni yake.

Nikatoka kumwaga chumvi vipandioni.
Cha tatu kilinikwepa.
Mkono ukadaka reli kabla sijaujua,
nikaning'inia pale na slipa moja,
pumzi ikitoka nyeupe,
na kilichonijia si Mungu wala mama yangu,
kilichonijia ni: elfu nne.

Nikaona aibu.
Kisha nikaona wazi: mfupa hauuzwi mle.
Kinachouzwa ni usiku, mmoja mmoja,
na mimi nimechoka kuukopa.

Saa sita kasoro nne, nikatia alama kwenye ndiyo,
familia nzima.
Nikakaa kidogo gizani, nikiomba nishindwe,
mwezi huu na ujao,
nizeeke nikiwa nashindwa.

Alfajiri akashuka na buti zake.
Chumvi ikasagika chini yake. Nikahesabu:
cha kwanza, cha pili.
Cha tatu.
Mlango wa gari.

"Umemwaga chumvi nyingi mno," akapiga kelele kutoka nje,
"unadhani tunaokota hela?"
Nikamimina kahawa.
Kopo, sikulirudisha kabatini.